Kununua kwa Haki Gakoromone

Kahawa, chai na maua ya pande za Mlima Kenya yanayouzwa kwa alama ya biashara ya haki hayauzwi kwetu. Kahawa hukobolewa, hupigwa mnada Nairobi, kisha hutoka Mombasa kabla haijakaangwa. Alama ya Fairtrade, ile yenye umbo la mtu aliyeinua mkono katikati ya buluu na kijani, hubandikwa kwenye pakiti kahawa ikiwa imekwisha kufika Ulaya. Chai nayo huondoka vivyo hivyo, na maua ya waridi ya Timau hupandishwa ndege. Matokeo yake ni kichekesho. Mnunuzi wa Berlin ana maelezo yote mbele yake dukani, ilhali mnunuzi wa soko la Gakoromone, hapa Meru, ambaye akipanda matatu atafika shambani kabla ya chai ya saa nne, hana hata kibandiko kimoja cha kumwongoza. Ana rundo la ndizi, mkebe wa maharagwe, na mama aliyeketi nyuma yake.

Ninamwandikia mnunuzi huyo wa Gakoromone. Wengi wameniambia wangependa fedha zao ziwasaidie wanawake wanaofanya kazi, lakini hawajui waanzie wapi, kwa sababu wanadhani jambo hili ni la maduka ya watalii. Si hivyo. Mahali pa kuanzia ni sokoni, na swali la kuanza nalo ni jepesi: hela ninayotoa hapa inaishia mkononi mwa nani, na itamfikia lini? Kuuliza kama bidhaa imepitia mikono ya wanawake hakutakufikisha popote, maana Gakoromone karibu kila kitu kimepitia mikono yao. Wao ndio waliopalilia, wakachuma, wakaosha, wakabeba. Kinachotofautiana ni nani anayehesabu noti jioni.

Angalia soko lenyewe linavyofanya kazi. Ndizi huja kutoka Mitunguu na Nkubu, viazi kutoka Kibirichia na Timau, ndengu, mtama na mawele kutoka Tharaka, na msimu wa maembe ukifika, Mbeere hushusha shehena yake. Mzigo unaofika kwa lori alfajiri mara nyingi una mwenyewe ambaye ni mwanamume mwenye daftari na simu mbili. Wanaougawanya mafungu mafungu na kuuza mpaka jua kuzama ni wanawake. Lakini hao nao si wa aina moja. Yuko mkulima aliyebeba maharagwe ya shamba lake. Yuko mchuuzi aliyenunua kwa jumla saa kumi na moja asubuhi kwa mkopo wa chama. Yuko msichana anayeuzia mtu mwingine kwa ujira wa siku, asiye na ruhusa ya kukupunguzia hata shilingi kumi. Na yuko mama ambaye kibanda chake kimeandikwa jina la mumewe, na mume huyo huja kuchukua mauzo kila jioni.

Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Inabidi uzungumze nao, na mazungumzo huanza kwa salamu, si kwa kubonyeza parachichi. Ukisema "Muga", hata kama Kimeru chako kinaishia hapo, umekwisha kutofautiana na wapita njia wengine. Kisha uliza tu: "Mama, hizi ndengu ni za shamba au umenunua?" Hakuna anayeudhika. Mkulima atakueleza mvua ilivyokatika mapema na wadudu walivyokula maua. Mchuuzi atakueleza bei ilivyokuwa wiki jana, na pengine ya Isiolo na ya Embu kwa pamoja. Wote wawili wanastahili fedha zako, ila kila mmoja anasaidiwa kwa njia yake. Kwa mkulima, hilo gunia ndilo msimu mzima, na akipata bei nzuri mara moja, karo imelipwa. Mchuuzi faida yake ni nyembamba na huzunguka kila siku, kwa hiyo mteja anayerudi kila wiki anamfaa kuliko mteja mkarimu wa siku moja. Chagua wawili watatu, uwe kastoma wao. Hiyo pekee ni biashara ya haki kuliko mikoba mingi niliyowahi kuona imeandikwa hivyo.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo haki hupotea bila mtu kupaza sauti. Nafaka Gakoromone hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe uliokuwa wa mafuta ya kupikia, unaobeba takriban kilo mbili. Wanunuzi tumezoea kulalamika kuhusu kitako kilichogongwa kikaingia ndani, na ni kweli vipo. Tia mkono uguse kabla hujapimiwa, wala usione haya. Tunachosahau ni kwamba sisi nasi hudai mkebe ufurike, ujengewe kilima juu, kisha tuongezewe konzi ya mwisho ya kuagania. Ukiona muuzaji ana mizani, nunua kwake kwa kilo hata kama bei inaonekana juu kidogo. Mizani humlinda yeye na hukulinda wewe, na wauzaji wenye mizani wakipata wateja zaidi, jirani zao watanunua mizani.

Kwa viazi mambo ni mazito zaidi. Kanuni za mwaka 2019 za zao hilo ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, ili kukomesha lumbesa, lile gunia lililoshonewa wavu juu likawa na tumbo la pili. Kanuni zipo, lumbesa nayo ipo. Dalali anayenunua Kibirichia hulipa bei ya gunia, kisha hujaza mpaka wavu unapasuka, na kile kilichozidi hakilipiwi. Anayebaki na hasara mara nyingi ni mwanamke, kwa kuwa wakati wa kuchimba viazi yeye ndiye aliyeko shambani, naye hana lori la kumwezesha kukataa. Kwa hiyo viazi vya bei ya kutupa sokoni huenda vimelipiwa na mwanamke mwingine kule mlimani. Kama unanunua kwa hoteli, kwa shule au kwa harusi, unao uwezo ambao mnunuzi wa fungu moja hana: sema unataka magunia ya kilo 50, yapimwe mbele yako, na ulipe kwa uzito. Kamati za harusi hapa Meru hununua viazi vingi kuliko hoteli kadhaa kwa pamoja, na sijawahi kusikia kamati ikizungumzia lumbesa. Ijaribu.

Kuhusu kuvutana bei, sina msimamo wa kitawa. Soko bila kuvutana si soko, na wauzaji wenyewe hufurahia mchezo huo na mtu anayeujua. Lakini pima unavuta nini. Kwa mkungu mzima wa ndizi au debe la maembe, vutana. Bei ya kwanza iliwekwa ikikungojea uvute. Kwa fungu la dania la shilingi kumi, lipa uende. Ubaya halisi uko kwa mnunuzi anayekuja saa kumi na mbili jioni, mvua imeanza kunyesha, sukuma imeanza kulegea, naye anataja nusu ya bei akijua mama hana pa kuilaza. Kununua jioni si kosa. Kuna njia yake nzuri: nunua kilichobaki chote kwa bei moja mnayokubaliana, ugawane na jirani. Mama anarudi nyumbani na kikapu kitupu, nawe umepata mboga kwa bei nafuu bila kumkaba mtu.

Malipo nayo yana adabu yake. Uliza namba ya simu ni ya nani kabla ya kutuma. Mara nyingi ni yake, lakini mara nyingine karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ina namba ya mwenye kibanda, na hapo utajua umekuwa ukimsaidia nani. Ukituma kwa namba ya kawaida, ongeza ya kutolea. Kwako ni shilingi chache, lakini kwake wateja thelathini wasioongeza ni faida ya siku iliyokatwa. Kwenye M-Pesa kuna Pochi la Biashara, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo kama hao, na mama aliyejiunga nayo huona mauzo yake yametengana na hela za nyumbani. Kisha subiri simu yake iite ujumbe kabla hujaondoka. Wachuuzi wamechoshwa na watu wanaolipa, wakipinda kona wanaomba M-Pesa iwarudishie.

Na deni! Najua watu wanaokataa kahawa isiyo na alama ya haki, nao wana daftari refu kwa mama mboga. Mchuuzi anayekukopesha anafanya hivyo kwa mtaji aliokopa yeye mwenyewe kwenye chama, ambako asiporudisha siku ya mkutano, atatozwa faini mbele ya wenzake. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa mchuuzi dawa hiyo ina tarehe: uliza chama chake hukutana lini, umlipe kabla ya siku hiyo.

Nimekaa kwenye chakula kwa sababu ndicho tunachonunua kila wiki. Sasa kiondo, ambacho ndicho watu hufikiria kwanza wanaposikia kuhusu bidhaa za wanawake.

Viondo vya mkonge vinavyouzwa pande hizi husukwa sana na wanawake wa Tharaka na Ukambani. Kabla hujauliza bei, kichukue mkononi. Kigeuze uangalie kitako, pale nyuzi zilipopishana kwanza, kwa kuwa kiondo huanzia chini na kupanda kwa kuzunguka. Kitako kizuri kimekaza na hakina uvimbe. Inua kiondo kuelekea jua uchungulie ndani. Ukiona nukta nyingi za mwanga, msusi aliharakishwa. Gusa uzi. Mkonge uliosokotwa pajani una ukakasi kidogo na unene wake hautoshani kila mahali, ilhali uzi wa kiwandani na nailoni huteleza na kufanana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Viondo vya nailoni si dhambi, vina rangi kali na havichakai haraka, lakini visiuzwe kwa bei ya mkonge. Mwisho tazama ngozi ya mkanda na mdomo. Hiyo hushonwa mjini, mara nyingi na fundi mwanamume, na ndiyo inayofanya kiondo kipande bei ghafla. Msusi aliuza kiondo kitupu, bila ngozi.

Hapo ndipo hesabu inapofaa. Tuseme kiondo kinauzwa shilingi 1,500. Ngozi na fundi wake wamechukua 400, mkonge na rangi 300, nauli na faida ya mwenye duka 400. Msusi amebakiwa na 400. Kama alikisuka kwa siku nane kati ya kuchota maji na kuchunga mbuzi, amelipwa shilingi hamsini kwa siku, na hakuna kibarua cha shamba Meru kinacholipa kidogo hivyo. Tarakimu hizo nimezitoa kwa mfano tu. Weka za kwako baada ya kumuuliza muuzaji kila hatua. Muuzaji mwenye uhusiano mzuri na wasusi atakujibu bila kigugumizi, kwa kuwa anajua analipa nini na anajivunia. Anayezungusha maneno amekujibu pia.

Ukitaka viondo vingi, kwa mfano vya zawadi za mkutano, usivikusanye dukani. Tafuta kikundi, na njia rahisi ya kukifikia ni kupitia kanisa, afisa wa ustawi wa jamii wa eneo au msusi mmoja uliyempata sokoni. Kisha lipa arabuni. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, ambalo lilianza mwaka 1989 na linaongozwa na kanuni kumi, linawataka wanunuzi wa kazi za mikono watoe angalau nusu ya bei mapema bila riba mzalishaji akiomba. Sababu yake mtu wa kijijini haelezwi mara mbili. Msusi asiye na hela ya kununua mkonge atakopa kwa dalali, na atakayekopa kwa dalali atamuuzia dalali. Nusu ya bei mkononi mwake siku ya kuagiza humwondoa kwenye mtego huo. Andikeni idadi, ukubwa, rangi na tarehe, hata kwenye karatasi ya daftari, na mtu mmoja wa kikundi atie sahihi. Mkipatana wiki sita, usipige simu wiki ya tatu kutaka viongezwe kumi. Ndivyo viondo vyenye nukta za mwanga vinavyozaliwa.

Kwa kahawa na chai, kuna jambo ambalo hata alama haiwezi kulimaliza. Tangu mwaka 2023, bei ya chini ya Fairtrade kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola 1.80 kwa ratili, kutoka 1.40 iliyokuwapo, na juu yake kuna nyongeza ya senti 20 ambayo wanachama huamua kwa pamoja itatumikaje. Bei ya soko ikipita kiwango hicho, chama cha ushirika hulipwa ya soko. Kahawa ya Kenya kwa kawaida huuzwa juu ya bei hiyo ya chini, kwa hiyo manufaa makubwa kwa mkulima wetu ni ile nyongeza, na huenda ikajenga zahanati, ikanunua mashine, au ikagawanywa.

Lakini wanachama ni nani? Kwenye chama cha ushirika, mwanachama ni mwenye namba, mwenye namba mara nyingi ni mwenye shamba, na hati ya shamba, kwetu Meru na Embu, ina jina la mwanamume. Kwenye viwanda vya chai vinavyosimamiwa na KTDA hali ni ile ile, uwe Kinoro, Githongo, Kionyo au Michimikuru, au ukivuka ufike Mungania na Rukuriri za Embu. Mke ndiye aliyeamka na kikapu mgongoni umande haujakauka, akapanga foleni kwenye kituo cha kupimia. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka vikaingia kwenye akaunti ya mumewe. Amechumia juani, anayelia kivulini ni mwingine. Hakuna kibandiko cha Berlin kinachoweza kuona ndani ya nyumba hiyo.

Upande wa Bonde la Ufa kuna jaribio linalostahili kuigwa. Katika chama cha ushirika cha Kabng'etuny, kupitia mradi wa Fairtrade, waume walihimizwa kuwakabidhi wake zao sehemu ya miti ya kahawa ili wanawake nao wawe wanachama wenye namba zao na malipo yao. Haikuhitaji kugawa ardhi. Miti tu, kwa hesabu, na jina kwenye kitabu cha chama. Msomaji mwenye shamba, ushauri huu ni wako moja kwa moja. Kabla hujaulizia bidhaa zinazowafaa wanawake, nenda ofisi ya chama chako uulize masharti ya kumwandikisha mkeo au mama yako kwa mistari kadhaa ya kahawa. Na kama unaajiri vibarua wa kuchuma, walipe debe au kilo zao siku hiyo hiyo, mkononi mwa aliyechuma, wala usimpe mume aliyekuja kumchukua kwa pikipiki.

Maziwa nayo nitayagusa kidogo tu, kwa kuwa mambo yake yanajulikana nyumba nyingi: ya asubuhi huenda kwa chama na kuingia akaunti ya baba, ya jioni ni ya mama, ya chai na ya kuuzia jirani. Ukinunua maziwa mtaani jioni, basi, pengine unalipa moja kwa moja mkono uliokamua. Yachemshe vizuri.

Mfano wa karibu zaidi wa biashara ya haki iliyoanzia kwetu uko chini, kwenye joto la Tharaka. Meru Herbs ilianzishwa mwaka 1991 kutokana na mradi wa maji wa Ng'uuru Gakirwe. Wakulima walikuwa wamepata mfereji, wakahitaji zao la kuwapa fedha za kuutunza. Wakapanda rozela, ile wengine waitayo choya, wakapanda kamomili na mchaichai, na matunda yao wakayageuza jemu. Mazao yalilimwa bila kemikali na kuuzwa Italia na hata Japani kupitia mitandao ya biashara ya haki. Kazi ya kuchambua, kukausha, kupika na kufungasha imekuwa hasa ya wanawake.

Kinachonivutia pale ni mpangilio. Rozela mbichi haina bei sokoni. Rozela iliyokaushwa, ikachambuliwa, ikafungwa kwenye pakiti ina bei, na ile tofauti ya bei imebaki Tharaka ikawa mishahara. Ndiyo maana nakushauri, ukiwa na hiari, ununue kilichosindikwa karibu na shamba: jemu ya embe kuliko embe la kusafirishwa, unga wa mawele uliosagwa na kikundi kuliko mawele, karanga zilizokaangwa na kufungwa kuliko gunia la karanga. Kila hatua inayofanyika huku ni siku ya kazi ya mtu wa huku, na kazi hizo za mikono huwaangukia wanawake. Ila usifumbe macho kwa sababu ya huruma. Pakiti ya chakula iwe na alama ya KEBS, tarehe na mahali ilipotengenezwa. Anayedai kwamba zao lake halikuguswa na kemikali mwombe akuonyeshe alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Kikundi kisichokuwa nayo huenda ni waaminifu kabisa, maana kukaguliwa kuna gharama, lakini basi wasidai bei ya walionayo.

Kwa mavazi, mapambo na mazulia, kuna majina ya Kenya ambayo mtu anaweza kuyaanzia. Kazuri, ya mtaa wa Karen Nairobi, ilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo wanawake wanaofinyanga na kuchoma shanga zake za udongo ni mamia. Karibu na sisi zaidi, Nanyuki, wako Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake kilichoanza 1977 chini ya kanisa la Kipresbiteri, wanaosokota sufu na kufuma mazulia kwa mkono. Kutoka Gakoromone ni safari ya asubuhi moja kupitia Timau, na unaweza kusimama kwenye mtambo wa kufumia ukaona kwa nini zulia haliwezi kuwa na bei ya lile la plastiki.

Ukifika mahali kama hapo, au duka lolote lenye kibao cha kusema bidhaa zake ni za wanawake, uliza mambo machache kwa upole. Wanalipwa kwa kipande au kwa mwezi? Malipo ya kipande si mabaya kwa mama mwenye kazi nyingi nyumbani, mradi yawe yanafika siku bidhaa inapopokelewa, wala si siku inapouzwa. Bidhaa isiponunuliwa, hasara ni ya nani? Nani anaamua bei? Wanapewa likizo ya uzazi, wana bima ya afya? Na swali ninalolipenda kuliko yote: msimamizi ni nani? Nimeona karakana ambako wafanyakazi wote ni wanawake, na kila mwenye funguo ni mwanamume. Si ushahidi wa wizi, lakini ni habari.

Kibao peke yake ni tangazo. Neno "wanawake" linauza siku hizi, na wajanja wamekwisha kulisikia. Shanga za kiwandani kutoka ng'ambo huuzwa kwa hadithi ya kikundi cha wajane ambacho ukiomba kukitembelea hakina njia ya kufikika. Kikundi cha kweli kina mahali, kina siku ya mkutano, kina mwekahazina anayejulikana, na hakisiti kukuonyesha kazi yake. Pia kitakuambia kisichoweza. Mimi humwamini zaidi mama anayeniambia rangi hii hatuipati mpaka Nairobi kuliko anayekubali kila kitu.

Niwakumbushe na walio ughaibuni, maana wengi huagiza kupitia ndugu. Anayemtumia binamu yake Meru hela za kununua viondo kumi na kahawa iliyokaangwa ampe muda na ampe maelekezo yote niliyotaja hapo juu, hasa kuhusu arabuni. Hela ikitumwa Alhamisi na mzigo ukatakiwa Jumamosi uende na mgeni, binamu atakimbilia duka la kwanza la zawadi, na msusi hataonja chochote. Agizeni miezi miwili kabla. Muulizeni msusi au kikundi hela zitumwe kwa namba gani, mtume wenyewe, binamu abaki na kazi ya kupokea na kukagua kitako. Kahawa nunueni iliyokaangiwa hapa Kenya na yenye jina la chama cha ushirika kwenye pakiti, si jina la mlima tu. Mkiwa huko Italia mkakuta jemu ya Meru Herbs kwenye rafu, inunueni. Imesafiri mbali kuliko wengi wetu, na mauzo yake yatarudi kwenye mfereji wa Tharaka.